Santuri ya Tanga, Kibandiko cha Nairobi

Juma lililopita, nikiwa Sindeni, mjomba alinionesha santuri ya Jamhuri Jazz ya Tanga. Gramafoni yake ilikufa zamani, lakini santuri bado huifuta vumbi kwa kipande cha kanga. Nilisoma kibandiko cha katikati: Nairobi.

Enzi zile Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu kwenye tepu kwa ajili ya matangazo; aliyetaka santuri ilimbidi avuke mpaka. Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia bendi hiyohiyo, walihamia Kenya na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa.

Leo wakusanyaji wa Ulaya wanazigombea santuri hizo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, ila sheria haimtafuti mjane kijijini. Ndugu zangu watumishi wa umma, msisubiri mzee wa Handeni aje kujaza fomu. Chapisheni orodha ya tepu za redio ya taifa, na majina ya wapigaji wote, si ya viongozi wa bendi peke yao.

Mjomba aliniagiza sindano ya gramafoni. Bado naitafuta.