Saa iliyorudi nyumbani

Ndugu msomaji, wewe uliyekwisha kungojea gari la moshi katika gare saa na saa, sikia habari hii ya magare makubwa ya Marekani.

Zamani kule, safari ya mbali ilikuwa ya gari la moshi. Makompani ya reli yalikuwa na feza mingi, yakajenga magare kama majumba ya wafalme. Ile ya New York, Pennsylvania Station, ilifunguliwa mwaka 1910. Nguzo zake zilikuwa za mawe, na chumba chake kikubwa kilifuata mfano wa nyumba za kuogea za Waroma wa kale. Hata maskini mwenye valizi moja alipita mule kama mkubwa.

Kisha mutuka na ndege zikazidi. Abiria wakapunguka, feza ikakosekana. Kompani ikauza nafasi ya juu ya reli, na katika Oktoba 1963 wakaanza kubomoa. Leo magari ya moshi yanapita chini ya udongo, na juu kuko jumba la michezo.

Watu walisikitika, lakini walikuwa wamechelewa. Basi mwaka 1965 mji ukaweka sheria ya kulinda majengo ya zamani. Ile sheria njo iliokoa gare ingine, Grand Central. Kompani ilitaka kusimamisha mnara mrefu juu yake. Ikashitaki mji, lakini mwaka 1978 tribinali kubwa ya Marekani ikaupa mji haki.

Katika Detroit, mji wa kutengeneza mutuka, mambo yalienda ingine namna. Gare yao, Michigan Central, ilifunguliwa mwaka 1913, na jengo lake lilikuwa na etaji 18. Gari la mwisho liliondoka Januari 1988. Hapana mtu aliyeibomoa, lakini hapana aliyeichunga vizuri. Mvua ikaingia, vioo vikavunjwa. Waizi wakangoa nyaya za shaba (wewe mtu wa inchi ya shaba unafahamu ile kazi), wakabeba mapambo, hata saa kubwa. Gare ya wote ikawa kama kitu kisicho na mwenyewe.

Mwaka 2018 kompani Ford ikanunua lile jengo. Nyuma kidogo, mtu mmoja akapiga simu kwenye nyumba ya ukumbusho ya Henry Ford. Hakutaja jina. Akasema saa ilikuwa imepotea tangu miaka zaidi ya 20, aliipenda sana, na sasa anataka irudie nyumbani. Akaeleza mahali alipoiacha. Wakaenda mbio, wakaikuta imeegemea ukuta wa nyumba iliyoungua. Watu wengine nao wakarudisha vitu. Katika Juni 2024 gare ikafunguliwa tena: si kwa kupanda gari la moshi, bali kwa kazi na mikutano.

Baba, mama, na wewe kijana, tufikiri pamoja. New York walilia nyuma ya kubomoa. Detroit walianza kurudisha wakati waliona mtu anatengeneza. Sisi tusingoje hata moja. Kiti cha masomo, bomba la maji, taa ya barabara: ni vya wote, maana yake ni vyako pia vya kuchunga.

Na ndani ya nyumba yako, je, hakuna «saa» yoyote inayopashwa kurudi kwao? Hujachelewa. Piga simu leo.