Moshi msibani

Jamani, kuna watu wanazika kwa tarumbeta, wengine kwa bia, na wengine kwa matairi. Hao wa matairi wako Soweto, Afrika Kusini.

Mambo yalianza miaka ya 1980. Jambazi mwenye jina akifa, wenzake wanakuja kumzika na BMW, mara nyingi la wizi. Wanalizungusha palepale barabarani mpaka matairi yanalia, moshi unatanda, marehemu anaagwa kwa heshima zote za kijambazi. Na dereva mwenyewe hakai kitini kama wewe na mimi. Ananing'inia dirishani, au anashuka kabisa, gari linaendelea kuzunguka peke yake huku yeye anacheza pembeni! Linalopendwa ni lile BMW la boksi la enzi hizo, 325i, ambalo wenyewe wanaliita gusheshe. Si kwa uzuri tu. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikata usukani na kukanyaga mafuta, mkia unateleza na gari zima linageuka pia.

Hapo ndipo penye balaa, msomaji wangu. Gari linalozunguka halijashika barabara. Matairi yakishika ghafla, linachomoka kuelekea kule pua ilikotazama. Na pua inatazama watu, maana mashabiki wamelizingira kama wanaangalia mazingaombwe. Mtoto aliyechuchumaa mbele hana pa kukimbilia.

Wakubwa wakafanya nini? Kwanza yale ya siku zote: polisi, ving'ora, watu mbio. Polisi wakiondoka, moshi unarudi. Baadaye wenye mchezo wakaanza kutafuta viwanja, na mwaka 2014 Motorsport South Africa, chama kinachosimamia mashindano ya magari kule, kikautambua kuwa mchezo rasmi. Uwanjani kuna ukuta, kuna wazima moto, na mtazamaji anakaa mbali baada ya kulipa kiingilio. Hata kina dada wamo. Stacey-Lee May wa Eldorado Park, jirani kabisa na Soweto, alifundishwa na baba yake, akajipatia jina kubwa huku anasomea sheria. Mimi nasema hapo walicheza vizuri. Wale wanaodhani dawa ya kila kitu ni kirungu waende wakajifunze.

Ila uwanja haujamaliza kazi. Tairi la nyuma linaisha kwa dakika chache tu, na kijana asiye na mfadhili hana hela ya kununua mengine kila wiki, achilia mbali kulipia uwanja. Barabara haina kiingilio. Na msiba haungoji ratiba ya mashindano. Watu wakitoka makaburini wanakunywa, wanacheza, eti kufuta machozi, na hapo funguo zinatafutwa.

Sasa polisi gani ataingia kwenye msiba wa watu na pingu mkononi? Mimi simlaumu akikaa kona ya pili. Mwenye sauti pale ni mwenye msiba: mama wa marehemu, shangazi, mjomba aliyekodi turubai. Akisimama akasema leo hapa gari halizunguki, watoto wamejaa, nani atabisha?

Isipokuwa kama mjomba mwenyewe ndiye mwenye gusheshe.