Mchukuzi wa Sikukuu Naye Ana Haki

Kila zinapokaribia Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, bandari ya Mwanza Kaskazini, mwalo wa Kirumba na stendi za mabasi za Nyegezi na Nyamhongolo hufurika mizigo. Nguo za watoto, magunia ya mchele na madumu ya mafuta hutafuta njia ya kwenda Ukerewe, Ukara na Sengerema. Dagaa na samaki nao hutoka visiwani kuja mjini. Furaha ya sikukuu hupita kwanza juu ya mabega ya wachukuzi. Leo tunapenda kuizungumzia hali yao, kwa sababu kazi yao imebadilika sana, na utaratibu wetu umebaki nyuma.

Kwa miaka mingi kifurushi kilipelekwa posta, kikapimwa na kulipiwa stempu, na mwenyewe akakifuata dirishani. Mzigo mkubwa ulikwenda kwa meli. Karani wa posta na baharia wa meli walikuwa watumishi wenye mshahara. Kuli wa bandarini alikuwa kibarua tu, lakini alimjua anayemdai ujira wake. Kazi ya Desemba ilikuwa nzito, ila ilikuwa na mwajiri anayejulikana.

Mambo hayako hivyo tena. Tangu mwaka 2008 fedha zimekuwa zikitumwa kwa simu, na kanuni za mwaka 2010 zikaitambua pikipiki kuwa chombo cha kukodiwa. Mama wa Nansio huagiza na kulipa kwa simu; mwenye duka wa Mwanza humkabidhi kijana wa bodaboda kifurushi; kijana hukimbilia bandarini kabla chombo hakijang'oa nanga; na ng'ambo ya pili kijana mwingine hukipokea na kukifikisha nyumbani. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Foleni ya kivuko, iliyokuwa ikiwachelewesha wasafiri na mizigo ya Sengerema na Geita kwa saa nyingi, imekwisha. Haya ni maendeleo, na hapana mwananchi mwenye nia njema atakayeyabeza.

Lakini ni lazima tuulize: haraka hii imewekwa mabegani mwa nani? Kijana yule hununua petroli kwa fedha yake. Mara nyingi pikipiki si yake, na kila jioni anadaiwa hesabu na mwenye chombo. Kifurushi kikilowa au kikipotea, hulipa yeye. Chombo kikimwacha, hulaumiwa yeye. Akianguka barabarani usiku wa kuamkia sikukuu, hana likizo ya ugonjwa wala fidia. Faida ya msimu huchukuliwa na wengi. Hasara humwangukia mmoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na inaamuru anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Ni sheria njema. Hata hivyo, kijana wa bodaboda haifaidi, kwa kuwa hahesabiwi kuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Wapo watakaosema kwamba amejiajiri, na anao uhuru wa kukataa kazi. Sisi tunasema kwamba uhuru wa mtu anayedaiwa hesabu ya jioni ni mdogo mno.

Kwa wenzetu wa visiwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu barabara yao ni maji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikitoka Bugorora siku ya gulio. Kilijengwa kubeba watu 100 na tani 25 za mizigo. Siku hiyo kilibeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Watu 228 walipoteza maisha. Hiyo ilikuwa siku ya gulio tu. Wiki ya sikukuu ni gulio la kila siku. Mchukuzi anayelipwa kwa kifurushi kilichofika, na asiyelipwa chochote kwa kilichobaki gatini, atamsihi nahodha apakie kimoja zaidi. Tusimlaumu peke yake; malipo yake ndiyo yanayomsukuma.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zinazohusika, yaani LATRA barabarani, TASAC majini, pamoja na halmashauri zetu, zikae na vyama vya bodaboda na wenye vyombo kabla msimu haujaanza. Viwango vya uchukuzi wa sikukuu vibandikwe stendi na bandarini. Kila kifurushi kipimwe na kupewa stakabadhi yenye jina la mtumaji, mchukuzi na mpokeaji, ili ijulikane hasara ni ya nani. Mchukuzi ambaye mzigo wake umezuiwa gatini kwa ajili ya usalama alipwe kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Na chombo kikijaa, kiwe kimejaa, hata kama anayeomba nafasi ni mkubwa wa ofisi.

Wachukuzi wenyewe wasikae mmoja mmoja. Waunde ushirika, wachangie mfuko wa ajali, na wajiandikishe NSSF, ambayo hupokea pia michango ya waliojiajiri. Nanyi ndugu zetu wa visiwani, agizeni mapema. Kitenge kilichoagizwa wiki mbili kabla hakimlazimishi mtu kushindana na mawimbi usiku.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Sikukuu ni ya wote, na mtu anayeileta mlangoni petu anastahili kuifikia akiwa mzima na akiwa na ujira wake mkononi.