Pikapu Mpya za Nini?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wazazi na waalimu watakaosoma gazeti hili watakuwa wamekwisha kusikia habari za mchango. Wenzangu wa kikundi cha muziki wanataka kila mzazi atoe fedha zikanunuliwe pikapu mpya za gitaa letu la umeme, kwa kuwa, wasemavyo, zilizopo zina sauti chafu. Mimi nami ni mwanakikundi, na gitaa hilo nalipiga. Walakini mchango huo naupinga, na naomba nafasi niseme kwa nini.

Kwanza, kwa wasiojua: pikapu ninayoitaja si gari la kubebea mkaa. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gitaa. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umeviringwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma utikisikapo karibu na sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika ule waya, nao ndio uendao kwenye amplifaya. Jambo lenyewe ni lile aliloligundua Faraday mwaka 1831, ambalo sisi twalikariri katika Fizikia tukidhani ni la mtihani tu. Mnamo 1931, huko Los Angeles, George Beauchamp alilitumia kutengenezea gitaa la umeme, na mwaka 1937 akapewa hataza yake.

Basi, ikiwa kazi ya pikapu ni hiyo tu, uchafu watoka wapi? Mara nyingi watoka kwenye nafasi iliyopo kati ya pikapu na nyuzi. Wapo wapigaji wanaopandisha pikapu mpaka inakaribia kugusana na nyuzi, ili gitaa lipige kelele. Kelele wataipata. Lakini sumaku ikiwa karibu mno huuvuta uzi, hasa ule mnene, ukashindwa kutikisika kwa uhuru; noti moja ikatoka kama noti mbili zinazogombana, tena ikafa upesi. Na umeme ukiwa mwingi kupita kiasi, amplifaya huelemewa na kuanza kukwaruza. Hapo mpigaji hulaumu pikapu.

Dawa yake ni bisibisi na rula ya mkebe wa jometri. Bonyeza uzi kwenye kipande cha mwisho cha shingo, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Kwa pikapu za koili moja kama zetu, milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, na mbili na nusu hivi upande wa nene, ni mahali pazuri pa kuanzia. Skrubu ikikazwa pikapu hupanda, ikilegezwa hushuka. Baada ya hapo sikio ndilo liamue, si rula. Kazi yote haizidi nusu saa.

La pili ni nyuzi. Za kwetu zina kutu na jasho la vidato vinne. Tena kuna mwenzetu, simtaji, aliyefunga nyuzi nene za gitaa kavu, zilizozungushiwa shaba nyeusi. Madini hayo hayavutwi na sumaku, kwa hiyo nyuzi hizo hunong'ona wakati zile nyembamba za chuma zikipiga mayowe. Pikapu ghali namna gani itarekebisha hilo? Seti moja ya nyuzi za gitaa la umeme ni bei ndogo mno kuliko pikapu tatu, na hiyo naweza kuichangia bila kumwandikia baba barua.

Kwenye amplifaya nako kuna kifundo cha kuongeza nguvu mwanzoni na kingine cha sauti ya mwisho. Wenzangu hujaza cha kwanza na kubana cha pili, halafu hushangaa. Wafanye kinyume. Waya nao uwe mfupi, maana waya mrefu hula sauti nyembamba.

Nakubali kwamba uvumi wa umeme ni kasoro ya kweli ya pikapu za koili moja, na bisibisi haiuponyi. Ndiyo maana Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni mwaka 1955 pikapu ya koili mbili, zilizopangwa kinyume ili uvumi wa moja uufute wa nyingine. Lakini hata hapo tunayo njia. Katika magitaa mengi ya siku hizi yenye pikapu tatu, ya kati imefanywa kinyume cha jirani zake, hivyo ukiweka swichi kati ya pikapu mbili uvumi hupungua sana. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati kwa ajili ya utamu wa sauti ile, hata mwaka 1977 kiwanda kikaweka swichi ya nafasi tano. Utamu huo waliupata kwa kidole, hawakuununua.

Na kwa nini nishughulike hivi na sauti safi? Kwa sababu muziki tunaoupenda waitegemea. Sikilizeni santuri za Morogoro Jazz enzi za Mbaraka Mwinshehe, au Docteur Nico wa Kongo: magitaa mawili matatu yanasemezana, na kila noti yasikika peke yake. Ukitia ukwaruzo hapo, yote huwa uji.

Bisibisi ipo maabara. Naomba kikundi kikutane Jumamosi, tubadilishe nyuzi, tupime, tusikilize. Sauti ikibaki chafu baada ya hapo, ile barua ya mchango nitaipeleka nyumbani mimi mwenyewe.