Sifuri ya Sapiwi

Nimekuwa kimya, nilikwenda nyumbani kuzika. Nyumbani maana yake Sapiwi, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Kwa wale ambao jiografia yenu inaishia Mwanza mjini: Simiyu ni mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni Usukumani, ni kwenye pamba na michembe, na sensa ya 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni 2.1. Siyo watu wachache.

Tulimzika shemeji yangu, mke wa binamu. Alikuwa na ujauzito wa miezi 7. Ilianza homa, akakataa chakula, akatapika, mkojo ukawa kama chai ya rangi, halafu macho yakawa ya njano. Wiki mbili hazikuisha, akaondoka yeye na mtoto wake. Alikotibiwa waliandika malaria. Msibani nilisikia na mengine: wapo waliosema karogwa, wapo waliosema ni damu kuisha. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa, ila kipimo hakikuwepo.

Usiku shangazi akanivuta pembeni: "Ng'wanawane, wewe si ndiye mwandishi wa habari? Hebu niambie, hii njano ni kitu gani?"

Jamani, sikuwa na jibu. Mwandishi wa habari mzima, na bando langu la intaneti mfukoni, nilibaki kuangalia chini. Ndiyo maana leo naandika.

Sitasema shemeji aliuawa na ugonjwa fulani. Hakupimwa, na aliyezikwa bila kupimwa hawezi kupimwa kwa maneno ya kwangu. Ninachotaka kuzungumzia ni ugonjwa mmoja ambao katika hali kama ile ulipaswa angalau kutajwa: homa ya ini aina ya E.

Wengi wetu mjini tunaijua B. Tunapimwa, watoto wetu wanachanjwa. C tunaisikia kwa mbali. E je? Hii njia yake kuu si damu kama hizo mbili. Inakuja zaidi kwa maji yaliyoingiliwa na kinyesi. Aina za kirusi hiki zilizozoeleka Afrika, ya 1 na ya 2, zinakaa kwa binadamu tu. Aina ya 3 na ya 4 zinakaa pia kwa wanyama, hasa nguruwe, na huambukiza kwa nyama isiyoiva vizuri. (Wale wa kitimoto, mwambieni mpishi aivishe.)

Dunia ilichelewa sana kukitambua. Mwaka 1955 na 1956, mjini Delhi, maji machafu yaliingia kwenye bomba la mji na watu wapatao 29,000 wakapata manjano. Kwa miaka mingi ikadhaniwa ni homa ya ini A. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti wa Kisovieti, Mikhail Balayan, alikunywa mchanganyiko uliotokana na choo cha wanajeshi waliougua Afghanistan, akaugua mwenyewe, kisha akakiona kirusi kwenye kinyesi chake. Sisi wengine kunywa maji ya bomba tu tunasitasita!

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, ugonjwa huu mara nyingi huja na kuondoka wenyewe. Hatari kubwa iko kwa mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wajawazito wanaoupata katika miezi 3 ya mwisho, wanaokufa wanaweza kufikia asilimia 20 hadi 25. Yaani katika kila akina mama wanne au watano, mmoja. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa mwaka 2015 uliua watu wapatao 44,000 duniani.

Kuna watakaosema hayo ni ya India na Afghanistan. Basi tuje kwa jirani. Oktoba 2007 ugonjwa huu ulianza wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za watu waliokimbia vita. Hadi katikati ya 2009 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10,196 na vifo 160. Mwaka 2012 ukaingia Dadaab, Kenya. Uganda na Kenya wote ni majirani zetu wa mpaka mmoja, na kirusi hakigongi muhuri wa pasipoti.

Kilichonisimamisha kwenye habari ya Kitgum si idadi peke yake. Watafiti walipolinganisha waliougua na wasiougua, walikuta mambo mawili ya kawaida kabisa: kuhifadhi maji ya kunywa kwenye chombo chenye mdomo mpana, na kunawa mikono kundi zima kwenye beseni moja. Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Siku ileile ya mazishi tulinawa hivyohivyo. Beseni moja, maji yaleyale, kutoka kwa mzee wa kwanza hadi kijana wa mwisho, kisha mikono yote kwenye ugali mmoja. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo pana, kikombe kimoja kinaingia na kutoka. Tulikuwa tunamuaga marehemu kwa heshima zote.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: watu wangapi wa Simiyu wameshapitiwa na homa ya ini E?

Swali hilo linajibika, na wala si sayansi ya kwenda mwezini. Mwili ulioambukizwa hutengeneza kingamwili. Aina moja, IgM, huonyesha maambukizi ya karibuni. Nyingine, IgG, hubaki miaka mingi kama alama ya aliyepita. Ukichukua damu za watu mia kadhaa wa rika zote, ukapima IgG, unapata picha ya eneo zima.

Na picha hizo huwa zinashangaza. Misri, katika vijiji vya delta ya Nile, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta zaidi ya asilimia 60 ya watu wana kingamwili hizo, na bado huko wajawazito hawakuonekana kufa kama India. Ufaransa, eneo la Toulouse, wachangia damu walipopimwa kwa kipimo cha zamani walipatikana takriban asilimia 17. Kilipoletwa kipimo kikali zaidi, utafiti wa 2011 ukatoa zaidi ya asilimia 50. Kumbe namba inategemea pia kipimo, na namba kubwa peke yake haikuambii nani atakufa. Kwa hiyo mtu asije akabeba asilimia ya Cairo au Kampala akaibandika Bariadi. Kila mahali pana maji yake, vyoo vyake na mila zake za kunawa. Bariadi ipimwe Bariadi.

Hoja yangu ni hii: ugonjwa usiopimwa huandikwa sifuri, na sisi tuna tabia mbaya ya kuisoma sifuri kama usalama. Mgonjwa wa njano asiyepimwa anaingia kwenye safu ya malaria, au safu ya "mengineyo". Mwisho wa mwaka bosi anaangalia jedwali, haoni homa ya ini E, anasema hatuna tatizo. Kwa kuwa hakuna tatizo, hakuna vipimo. Kwa kuwa hakuna vipimo, hakuna wagonjwa. Mduara umekamilika, na shangazi yangu bado anauliza.

Najua mtasema fedha ziko wapi, tuna malaria, kifua kikuu na Ukimwi. Sawa. Lakini damu tayari inachukuliwa! Kliniki za wajawazito zinapima Ukimwi na kaswende. Tafiti za kitaifa za Ukimwi za 2016-2017 na 2022-2023 zilipita nyumba kwa nyumba zikitoa watu damu. Tafiti kama hizo zikirudi, ni kuongeza kipimo kimoja kwenye damu ambayo sindano yake imeshachomwa, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Mwingine atasema hata tukijua, dawa yake hakuna. Kweli, mgonjwa wa kawaida huhudumiwa tu mpaka mwili upambane wenyewe. Ila kujua kunabadilisha mambo. Chanjo ipo: ilitengenezwa China, ikajaribiwa huko kwa watu zaidi ya 112,000, matokeo yakatoka 2010. Mwaka 2022, Sudan Kusini na Madaktari Wasio na Mipaka waliitumia Bentiu kuukabili mlipuko, wajawazito wakiwemo. Lakini huwezi kuomba chanjo ya ugonjwa ambao jedwali lako linasema huna.

Kujua kunabadilisha pia mipango ya maji. Kwetu kiangazi mito hukauka, watu huchimba mchangani, ng'ombe wanakunywa hapohapo. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu. Jambo jema sana. Tungepima damu kabla maji hayajafika kila kijiji, halafu tukapima tena baadaye kwa watoto waliozaliwa nyuma yake, tungejua bomba limeokoa nini hasa. Hiyo ndiyo hesabu ya maendeleo ninayoitaka, siyo ya kukata utepe.

Nimempigia shangazi. Nimemwambia sijui kilichomuua shemeji, ila kuna ugonjwa unaitwa hivi, na kwamba kwenye arobaini tusinawe tena beseni moja. Tumwagiane maji kwa jagi, na ya kunywa yachemshwe yakae kwenye dumu lenye mdomo mwembamba. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kumbe lina jina."

Lina jina. Bado namba.