Nani Ashike Daftari la Mwaka Kogwa?

Kila Julai, katika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi kusini mwa Unguja, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba huku wanawake wakipita katika mavazi yao bora, wakiimba nyimbo za mafumbo na kejeli. Baadaye mtu huingia kwenye kibanda cha makuti, kibanda hutiwa moto, naye huchomoka mbio kabla hakijateketea. Wageni hupiga picha. Wenyeji hupika na kulisha, maana kukaa siku ya Mwaka bila mgeni si jambo la heri.

Picha hizo zimezagaa kila mahali. Kisichopigwa picha ni kazi inayotangulia: lazima awepo mtu anayejua kwamba leo ndiyo siku yenyewe. Mwaka wa Nairuzi wa pwani ni mwaka wa jua wenye siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za mwisho ziitwazo gatha. Hauna siku ya kuongezwa kila baada ya miaka minne, kwa hiyo taratibu husogea nyuma ukilinganisha na kalenda ya ukutani, siku moja kwa kila miaka minne. Kwa miongo hiyo mabaharia walijua pepo zinageuka lini, na wakulima walijua lini waingie shambani. Mwenye hesabu hiyo kichwani ndiye mwenye sherehe. Akiondoka bila kumrithisha mtu, migomba itaendelea kukatwa na kibanda kitaendelea kuwaka, ila kwa tarehe itakayopangwa ofisini ili iwiane na msimu wa watalii.

Naanza na mwenye hesabu kwa sababu mjadala wa kuhifadhi sherehe zetu huanzia kwenye ngoma na kuishia hapo hapo. Huulizwa: tuna sherehe gani? Majibu yakipatikana, orodha inachapishwa na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Swali lenye uzito ni jingine: sherehe hii inasimama juu ya nini, na kati ya hayo kipi kinakaribia kuanguka?

Sheria ya kimataifa iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2011, unaitaka kila nchi iandae orodha moja au zaidi za urithi ulio katika ardhi yake na kuzihuisha mara kwa mara. Unataka pia urithi huo utambuliwe kwa ushiriki wa jamii zenyewe. Na kwa kuwa utamaduni haumo katika mambo ya Muungano, Zanzibar ina nafasi ya kuamua yenyewe orodha hiyo, yaani daftari lake la urithi, iweje.

Mara nyingi watu huichanganya kazi hii ya kuandaa daftari na ile orodha ya dunia ya UNESCO inayotangazwa kwa shangwe. Nauruzi, sherehe ya mwaka mpya ya Kiajemi ambayo ndiyo asili ya jina Nairuzi, iliingia katika orodha ya dunia mwaka 2009 kwa jina la nchi saba, na mwaka 2016 nchi zikawa kumi na mbili, kuanzia Iran na Uturuki hadi India. Pwani yetu haikuwamo. Wapo wanaosikitika, na masikitiko yao yana msingi. Hata hivyo cheti cha UNESCO hakimfundishi kijana wa Makunduchi kuhesabu miongo. Daftari la kijiji, likiandikwa vizuri, linaweza kumfundisha.

Daftari zuri basi liwe na nini? Kwanza, liandikwe kwa lugha ya wenyewe. Makunduchi ina Kikae chake, na jina Mwaka Kogwa limetoka humo. Karani akitafsiri nyimbo za wanawake kwa Kiswahili sanifu, kejeli itapoa na fumbo litakuwa tangazo. Pili, lieleze gharama na mahitaji: migomba inatoka shamba la nani, uwanja ni wa nani na unaombwa na nani, nani analisha wageni, nani anaruhusiwa kuwasha moto. Sherehe hufa pale uwanja unapozungushiwa ukuta wa hoteli, au pale familia iliyokuwa ikibeba jukumu fulani inapohamia mjini. Maelezo matamu ya ngoma hayaonyeshi hatari hizo. Orodha ya mahitaji huzionyesha mapema.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuandika kunagandisha. Sherehe hubadilika kwa kuishi, na ikishaandikwa kila mabadiliko yataonekana kosa. Hofu hii ni ya kweli, na dawa yake imo katika neno la Mkataba, "kuhuisha". Daftari liwe na tarehe kwenye kila ukurasa, lirudiwe baada ya miaka michache, na lile la zamani litunzwe. Atakayesoma madaftari matatu ya miaka tofauti ataona sherehe ikitembea, na hatamkuta mtu ameibandika ukutani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: si kila kitu ni cha kuandikwa. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanalijua hili kuliko wengi. Mila zinazofungamana na makaya, misitu yao mitakatifu, ziliingia mwaka 2009 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini ndani ya kaya yapo mambo ya wazee peke yao, na uchungu wa yaliyotoka nje bado upo. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu, viliibwa na kuuzwa nje ya nchi hadi vikaingia katika makumbusho ya Marekani, na kuvirudisha kumechukua miaka mingi ya kufuatilia. Orodha inayotaja kitu kitakatifu kiko wapi na kinalindwaje inaweza kumwelekeza mwizi. Mkataba wenyewe unataka desturi zinazozuia watu kufikia mambo fulani ziheshimiwe. Kwa hiyo daftari liwe na ukurasa unaosema: hapa kuna jambo, wenyewe wameamua lisiandikwe, na anayetaka kujua awaulize wazee. Ukurasa huo nao ni uhifadhi.

Pingamizi la tatu ndilo watu hulikwepa, nalo ni dini. Huko Lamu, katika Mfungo Sita, Maulidi huwakusanya watu kutoka mbali kwenye Msikiti wa Riyadha, unaofungamana na jina la mwanazuoni Habib Swaleh. Husomwa Maulidi, matari hulia, watu huzuru kaburi lake, na mjini huwa na mashindano ya punda na majahazi. Wapo Waislamu wanaoona Maulidi ni ibada njema, na wapo wanaoiita bidaa. Mwaka Kogwa nao una wakosoaji wake, kwa sababu una mambo ya kabla ya Uislamu au ya kando yake. Karani mwoga ataruka mgogoro wote na kujaza kurasa kwa mbio za punda, kwa kuwa punda hawana mwenye kuwapinga. Hapo sherehe ya kidini itakuwa tamasha, na waliokesha wakisoma hawatajitambua katika ukurasa huo.

Afadhali karani aandike ubishi wenyewe. Habib Swaleh anakumbukwa kwa kuwafungulia mlango wa elimu watu ambao waungwana wa mji waliwaweka kando. Kumbukumbu kama hiyo haisimuliwi kwa namna moja katika kila nyumba. Wanaosherehekea Maulidi waeleze kwa nini wanaisherehekea, wanaoipinga waeleze hoja yao kwa adabu, na ofisi ya serikali isijipe kazi ya mufti. Daftari likishika sauti mbili litaaminiwa na pande zote mbili. Likiwa na sauti moja, upande mmoja utaliona kuwa silaha ya mwingine.

Hapo ndipo linapokuja swali la kichwa cha habari. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na udhihirisho wa kitamaduni imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutunza sajili. Wazo ni jema, kwa sababu sajili huisaidia jamii kudai haki pale nyimbo na nakshi zake zinapouzwa na wengine. Lakini kaunti ikiwa ndiyo mwandishi, mtunzaji na mwenye ufunguo, jamii inageuka kuwa chanzo cha habari tu. Serikali ilipe karatasi, kinasa sauti na mafunzo. Daftari lenyewe liwe na nakala inayolala kijijini, liandikwe na vijana wa hapo kwa kuwauliza wazee wao, na neno lisichapishwe kabla halijasomwa kwa sauti mbele ya wenyewe. Wanawake wawe miongoni mwa waandishi, kwa sababu nyimbo ni zao na jiko la wageni ni lao, na sherehe isiyo na vitu hivyo viwili haipo.

Mtu anaweza kusema hii ni kazi nyingi kwa siku chache za furaha. Ni kazi nyingi kweli. Ila kitu cha kwanza ninachotaka kiandikwe hakihitaji zaidi ya mstari mmoja wenye safu mbili. Safu ya kwanza: nani anajua kuhesabu miongo. Safu ya pili: nani anajifunza kwake. Safu ya kwanza ikiwa na jina na ya pili ikiwa tupu, tutakuwa tumeshajua la kufanya kabla Julai nyingine haijafika.