Pikipiki Bila Ufunguo

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari.

Kaka yangu ni mwendeshaji bodaboda, na karo yangu hutoka kwenye pikipiki hiyo. Likizo iliyopita alimwendea fundi wa jua kali, wakang'oa swichi ya ufunguo na kutia nyingine ndogo kama ya taa. Eti pikipiki za mbio hazina ufunguo!

Kusema kweli, hakudanganya. Pikipiki za motokrosi hazina ufunguo. Ufunguo huweza kukatika mtu aangukapo, na kufuli ya usukani haina kazi mbioni. Lakini jamani, pikipiki ya mbio haiachwi nje ya duka! Isitoshe, katika baadhi ya mashindano mwendeshaji hufungwa mkononi kamba iliyoshikana na swichi. Akianguka, kamba huchomoka na injini huzima papo hapo. Swichi ya kaka haikuwa na kamba. Je, angeanguka, nani angeizima?

Siku moja alishuka kununua mkate. Mtu akabonyeza swichi, akaiwasha kwa teke moja, huyoo! Kaka alipotoka dukani, ufunguo hana na pikipiki hana. Ndiyo sababu nilirudi shuleni wiki tatu baada yenu.

Maoni yangu ni haya: anayetaka kushindana, ashindane kwa pikipiki ya mbio yenye swichi ya kamba. Ile iletayo unga nyumbani ibaki na ufunguo wake. Au wenzangu mwaonaje?